Jumamosi ya Mwalimu Kashindye

Wasukuma nawapenda. Nimeolewa nao, nimewazalia, nimezeeka nao. Lakini mimi ni Mkerewe, na Mkerewe lazima aseme ukweli: kuna mambo ukimfanyia Msukuma usije ukalalamika baadaye. Mojawapo ni kuweka watu wawili uwanja mmoja, wakati mmoja, halafu ukamwambia achague amsikilize yupi. Hatachagua kimyakimya huyo. Ataleta ngoma.

Pius Ogweno hakulijua hilo. Pius ni Mjaluo wa Shirati, mtu mzima, baba wa watu, mpole, na ndiye aliyekuwa karani wa nyumba ya makumbusho pale Mirongo. Kwa mkono wake mwenyewe aliandika kwenye ubao wa nje, kwa chaki: "Jumamosi, saa tisa alasiri. Ukumbini: Mwalimu Kashindye, majembe ya chuma ya mababu zetu. Uani: Bi Ng'washi Kashindye, vyungu vya kale vya kandokando ya ziwa. Wote mnakaribishwa."

Sasa, Mwalimu Kashindye ni mume wangu. Ng'washi ni binti yangu. Nilipita pale natoka sokoni, nikausoma ule ubao mara ya kwanza, nikausoma tena, nikakaa palepale kwenye ngazi na kikapu changu cha nyanya.

"Mama Ng'washi, shikamoo," Pius akanitokea mlangoni, anatabasamu.

"Marahaba. Pius, umefanya nini?"

"Nimepanga vizuri, mama. Nusu ya watu watakaa ndani, nusu nje. Kamati wataona wote wawili siku moja, waamue."

"Nusu!" nikamwambia. "Pius, hapa ni Mwanza."

Hakunielewa. Nami sikuwa na nguvu za kumwelewesha.

Nieleze kwanza ile Jumamosi ilikuwa na nini, maana mtu anaweza kusema ni mazungumzo tu, wazee wanaongea, wengine wanasinzia. Kashindye alifundisha historia sekondari mpaka mvi zikamjaa. Alipostaafu, akakaa kwenye kiti sebuleni kwetu Igogo, ameelekea ukutani. Sitanii. Ukutani hapakuwa na hata kalenda. Nampelekea uji, anapokea, anasema asante, anaendelea kuangalia ukuta. Mwaka ukaisha hivyo. Nilienda kwa padri, nikaenda kwa daktari, na kama nisingemwogopa padri ningeenda kwingine pia. Nilikuwa namzika mume wangu huku namfulia mashati.

Ndipo watu wa makumbusho wakamwomba aende Jumamosi moja awazungumzie watu habari za watemi wa zamani. Alikwenda kwa kusukumwa na mimi. Jioni aliporudi aliomba ugali, akaomba tena, akaniuliza mbona siku hizi sitii chumvi. Kuanzia siku hiyo mume wangu akawa na Jumamosi, kama wengine walivyo na mashamba na ng'ombe. Jumatatu anaanza kutafuta cha kusema. Alhamisi ananifanyia majaribio jikoni, mimi nasonga ugali yeye anapigana vita vya watemi. Ijumaa anapiga pasi suruali yake mwenyewe, hataki niiguse.

Na watu walikuwa wanakuja, tena wengi. Halafu ndiyo mambo yakafunguliwa, kama walivyokuwa wanasema redioni. Kila baraza ikawa duka. Mitumba ikafika, viwanda vya minofu ya sangara vikafika, mabanda ya video yakafika. Jumamosi alasiri mtu ama anauza, ama ananunua, ama amejifungia bandani anaangalia Wachina wakirushiana mateke. Ukumbini wakabaki wazee wachache na wale waliokimbia jua. Kashindye hakupunguza hata neno. Aliviambia viti vitupu kila kitu alichokuwa akiwaambia watu.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, makumbusho yakapata mwenyekiti mpya wa kamati, Bwana Josephat. Nisimsingizie, si mtu mbaya. Alikuwa mfanyabiashara, na aliitazama ile nyumba kama mfanyabiashara: paa linavuja, ukumbi mkubwa, watu hamna. Akasema ukumbi utapangishwa kwa harusi na mikutano, ila mazungumzo ya Jumamosi yatabaki, kwa sharti moja. Mzungumzaji atakuwa mmoja tu, yule anayeleta watu. Akamtazama Kashindye kwa huruma aliposema hivyo, na huruma yenyewe ndiyo iliyonichoma.

Maana wa pili alikuwepo. Ng'washi wetu alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu Dar na elimu yake ya mambo ya kale, akiolojia wanaiita. Kazi yake, kwa macho yangu mimi, ni kuchakura kandokando ya ziwa kama kuku, kutwa nzima juani, akirudi ana vigae vya vyungu kwenye sanduku, anavipiga mswaki, anavishika utadhani mayai. Akapanga chumba chake Mabatini, mtoto wa kike ambaye kwao ni hapo Igogo! Tuligombana sana kwa ajili ya hicho chumba. Lakini siku ya Pasaka makumbusho walimpa nafasi aseme kidogo habari za vigae vyake, na ua ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Mimi nilikuwepo. Nilijivuna mpaka nikasahau kugombana naye.

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya ile Jumamosi, Ng'washi akaja nyumbani. Baba yake alikuwa anapiga pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, kesho mimi sitakwenda. Nitamwambia Pius ninaumwa."

Kashindye akaisimamisha pasi. "Unaumwa wapi?"

Ng'washi akaanza kukunja shati lililokuwa kitini.

"Nimekuuliza, unaumwa wapi? Kichwa? Tumbo? Au unaumwa baba mzee?" Mume wangu si mtu wa kupaza sauti, lakini siku hiyo aliipaza. "Nisikilize, Ng'washi. Nikishinda kwa sababu umenionea huruma, nitakuwa nimepoteza Jumamosi na mtoto pia. Kesho utakuja, na utasema yote unayoyajua. Sitaki uache hata neno. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

"Haya. Mama yako akupe chakula."

Akaendelea na suruali yake. Ng'washi hakula. Nami nilimtazama mume wangu akiunyoosha ule upindo, anaupita mara huku, mara kule, nikajisemea moyoni: ewe mzee, kesho unakwenda kuchinjwa na unajipigia pasi.

Jumamosi ilipofika, nilizisikia ngoma kabla hatujavuka barabara.

Kwa asiyejua, Wasukuma wakishavuna huwa na mashindano yao. Kuna vyama viwili vya ngoma tangu zamani za mababu, Wagika na Wagalu. Wanakutana uwanja mmoja, wanacheza kwa wakati mmoja, huku hawa na kule wale. Hakuna mwamuzi. Watazamaji wanakwenda wanakotaka na wanahama wakitaka, na jua likizama, mwenye umati mkubwa ndiye kashinda. Ndiyo maana utaona vituko vyote duniani: mmoja anavaa chatu shingoni, mwingine anameza moto, ilimradi watu wasihame. Basi watu walipouona ule ubao wa Pius, baba na binti, saa ileile, ndani na nje, na ndiyo kwanza mavuno yameisha, wakasema: aa, kumbe! Igogo wakamchukua Mwalimu, maana ni jirani yao. Mabatini wakamchukua Ng'washi, maana ana chumba kwao. Wiki nzima walikuwa wakitambiana sokoni na sisi hatuna habari.

Mlangoni tulimkuta Mzee Shimba, muuza dagaa wa Igogo. Ujanani Shimba alikuwa ningi wa Wagika, yaani ndiye kiongozi na mwimbaji wao, na siku hiyo alikuwa amejiteua mwenyewe kuwa msimamizi wa mume wangu. Alikuwa na ngoma mbili, vijana wa kuzipiga, na kikopo cha dawa ya kuvuta watu, anataka kuipaka kizingiti cha ukumbi.

"Shimba!" Kashindye akashtuka. "Hii ni nyumba ya serikali!"

"Dawa haiulizi nyumba ya nani, Mwalimu. Wewe ingia tu, uanze kwa mguu wa kulia."

"Mimi ninakwenda kuzungumza habari za majembe."

"Vizuri sana. Zungumza kwa nguvu."

Pius alikuwa amesimama pembeni, mikono kichwani. "Mama, watu wote hawa wametoka wapi?"

"Nusu ndani, nusu nje," nikamjibu. Nilikuwa na hasira, lakini kidogo nilitaka kucheka.

Mwanzoni mume wangu alishinda. Lazima niliseme hilo, liwe wazi. Ukumbi ulijaa Igogo nzima, na yeye, ambaye hajaona viti vimejaa kwa miezi, akasimama pale mbele na tai yake akakua. Alichukua jembe la zamani la makumbusho, lile la umbo la moyo, akaligonga kwa msumari likalia kama kengele ya kanisa. "Hii," akasema, "ndiyo sauti ya ng'ombe wako, ndugu yangu. Kwa mahari ya majembe kama haya babu yako alioa." Watu wakacheka. Akawaeleza Warongo, wale wahunzi wa zamani, walivyoyeyusha chuma msituni, walivyokuwa wakifukuta mivukuto na kukaa mbali na wake zao mpaka tanuru lipoe. Akasema wao ndio walioleta chuma huku kwetu, miaka mia tatu, mia nne iliyopita. Shimba kila penye nukta anapiga ngoma, du! Bwana Josephat alikuwa amesimama mlangoni, katikati, jicho moja ndani na jingine nje.

Halafu uani wakapiga vigelegele.

Watu wa nyuma wakageuka. Mmoja akatoka kuchungulia, hakurudi. Wakatoka wawili, wakatoka kundi. Nikaenda dirishani kuangalia. Ng'washi hakuwa na ngoma wala dawa. Alikuwa anawapa watu vigae mkononi, tu. Chini ya vile vyungu vya kale, kitakoni, mna kishimo kidogo alichobonyeza mfinyanzi kwa kidole gumba kabla ya kuchoma chungu. Ng'washi alikuwa anamwambia kila mtu: weka gumba lako hapa. Na gumba lilikuwa linaingia. Mama mmoja wa Mabatini, muuza mchicha, mwanamke wa maneno mengi, aliweka gumba lake akanyamaza, machozi yakamtoka, akasema, "Jamani, ananishika." Sasa hapo jembe litafanya nini?

Mume wangu aliona viti vinaachwa. Sauti yake ikapanda, kisha ikakauka. Shimba akamwinamia sikioni, sikusikia alichomwambia, lakini nilimwona Kashindye anailegeza tai. Sijawahi kumwona akiilegeza tai mbele za watu. Akachukua jembe la mtunza bustani lililoegemea mlangoni, akalitupa juu, likazunguka, akalidaka. Akalitupa tena. Bugobogobo! Ngoma ya wakulima, na yeye anaicheza, mzee wa miaka yake, na suruali yake ya upindo! Vijana wa Shimba wakaikamata mara moja kwa ngoma. Yesu na Maria, watu walivyorudi! Wengine walipitia madirishani. Nilipiga kelele kama msichana. Huyo ndiye kijana aliyekuja Ukerewe kunichumbia, nilikuwa nimesahau kabisa.

Lakini mwili ni mwili. Akapumzika, akaliweka jembe chini, akafuta jasho, akasema, "Basi, turudi kwenye tanuru." Na watu wakaanza kutoka tena. Walitaka jembe liruke, hawakutaka tanuru. Nikautazama uso wake, nikaujua. Ulikuwa uso wa kwenye kile kiti.

Hapo ndipo nilipotoka nikaenda uani. Wapo walionilaumu baadaye. Walaumu tu. Wangekuwa wamelala na huyo mtu mwaka ule mzima wangetoka mbio kuliko mimi.

Nilimvuta Ng'washi pembeni, nyuma ya tangi la maji.

"Funga sanduku lako," nikamwambia.

"Mama!"

"Waambie vimekwisha. Baba yako anaanguka mle ndani."

"Mama, jana alinikataza. Ulikuwepo. Akijua itakuwa vibaya zaidi."

"Jana alikukataza baba. Leo anakuomba mama. Wewe una miaka hamsini mbele yako ya kuchakura. Yeye ana Jumamosi tu."

Mtoto alinitazama, macho yamejaa. Ng'washi ni mbishi, amenirithi mimi, lakini siku hiyo hakubisha. Akarudi mbele ya watu. Akaanza kukusanya vigae mikononi mwao kimoja kimoja, sauti imekuwa ndogo kabisa. "Ni hayo tu niliyokuwa nayo," akasema. "Asanteni kwa kuja. Mwalimu bado anaendelea ndani." Watu wakanung'unika, wakazomea kidogo, wakahama. Ua ukabaki na yeye, sanduku lake, na wale wazee ambao hata wakihamishwa hawahami.

Nikarudi ukumbini. Umejaa mpaka madirishani. Kashindye amesimama wima, anazungumza, uso umerudi. Nikakaa mbele, nikashusha pumzi. Nikajiambia, Modesta, umeokoa nyumba yako.

Akazungumza kidogo hivi, kisha akasita. Akamtazama yule muuza mchicha aliyekuwa amesimama mbele karibu na meza.

"Dada, wewe si ulikuwa uani?"

"Nilikuwa uani, Mwalimu."

"Na kule kumekuwaje?"

"Amefunga. Anasema vimekwisha."

"Vimekwisha?" Kashindye akacheka kidogo, peke yake. "Ng'washi? Tangu ana miaka miwili huyo mtoto hajawahi kumaliza kuongea bila kulazimishwa." Akageuka. Akanitazama mimi. Mimi nikajifanya naitafuta rozari yangu kwenye mkoba.

Akaliweka lile jembe la zamani mezani, taratibu, akalifunika kwa kitambaa chake. Akapita katikati ya watu akatoka nje.

"Mwalimu!" Shimba akampigia kelele. "Unakwenda wapi? Umeshashinda! Ningi haendi kwenye ngoma ya mwenzake!"

"Nimeshinda nini, Shimba?" akamjibu bila kugeuka. "Wewe uliwahi kuwashinda Wagalu waliokaa chini, hawachezi?"

Shimba akachukua ngoma yake. Aliwahi kuwa ningi wa kweli, na swali lile lilimwingia.

Sote tukamfuata. Ng'washi alikuwa amekalia sanduku lake. Alipomwona baba yake anakuja na umati mzima nyuma yake alisimama kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Fungua," Kashindye akamwambia.

"Baba, nilikuwa nimemaliza..."

"Nilikuambia usiache hata neno. Fungua hilo sanduku."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Aliikunja ile suruali yake aliyoipiga pasi, akaketi chini, mavumbini, mbele kabisa, miguu ameikunja kama mtoto wa darasa la kwanza. Na kwa kuwa yeye ameketi, Igogo wote wakaketi. Mabatini wakaketi. Shimba naye akaketi na ngoma yake mapajani. Hapakuwa tena na ndani wala nje. Mume wangu alikuwa amempelekea binti yake umati wote, kwa miguu yake, na Bwana Josephat anaona.

Ng'washi alilia kwanza. Akajifuta kwa mkono wenye udongo, akafungua sanduku, na chini ya vigae vyote akatoa bonge jeusi, zito, lenye matundu matundu.

"Hiki," akasema, "sikutaka kukionyesha leo. Mnakijua?"

"Mavi ya chuma!" Kashindye akasema palepale. Ndiyo jina lake, nisamehewe, ni uchafu unaobaki tanuruni chuma kikishatoka.

"Ndiyo. Tumeyakuta pamoja na vyungu hivi. Udongo mmoja, kina kimoja. Waliofinyanga vyungu hivi ndio hao hao walioyeyusha chuma." Akasita. Akamtazama baba yake kama anayeomba radhi. "Na vyungu hivi vina miaka zaidi ya elfu mbili, baba."

Ua mzima ukamgeukia Mwalimu. Watu si wajinga, walikuwa wamemsikia Mwalimu muda mfupi tu kabla: miaka mia tatu, mia nne. Alikuwa amewafundisha hivyo watoto wa mji huu kwa maisha yake yote. Nilitaka ardhi ipasuke. Sasa ndiyo nikaelewa kwa nini Ijumaa mtoto alitaka kuumwa, na kwamba kule kufunga sanduku hakukuwa kwa ajili ya maneno yangu tu.

Kashindye akanyoosha mkono akapewa lile bonge. Akaligeuza. Akalinusa hata. Tukasubiri.

"Elfu mbili," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo Warongo walikuta watu wanajua tayari."

"Au walikuwa wajukuu zao. Hatujui bado."

"Basi nimewadanganya watu wa Mwanza," akasema, akawageukia, bado ameketi. "Ndugu zangu, niliyowaambia mle ndani yafuteni. Msikilizeni huyu." Halafu akamgeukia tena binti yake, na nakwambia, uso wake ulikuwa unawaka. "Mmejuaje ni elfu mbili? Mlipima nini? Mkaa? Na huo mkaa ulikuwa wa mti gani?"

Akauliza, akauliza, akauliza, mpaka muuza mchicha akasema, "Mwalimu, na sisi tuna maswali."

Jua lilipoinama Bwana Josephat akasimama, akakohoa, akasema kamati imeona, na kuanzia wiki ijayo Jumamosi ni ya Bi Ng'washi. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mume wangu. Shimba alimshika bega akamwambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Mwalimu," na sauti yake ilikuwa ya msiba.

Nyumbani aliniuliza jambo moja tu. "Ulimwambia wewe?"

"Mimi. Na wewe ungekuwa mimi ungemwambia."

Akafikiri. "Labda," akasema, akaenda kulala.

Jumatatu hakutafuta cha kusema, maana hakuwa na pa kukisemea. Alhamisi nilisonga ugali kimya. Jamani, kimya cha jikoni Alhamisi ile! Alikuwa amekaa kwenye kile kiti sebuleni, na mimi kila nikipita nashindwa kumtazama ameelekea wapi. Ijumaa pasi haikuguswa. Usiku huo nilisali rozari nzima, nikamwambia Bikira Maria kama mwanamke mwenzangu: umempa mtoto, asante, sasa usininyang'anye baba yake.

Jumamosi baada ya chakula nilikuwa naosha vyombo nikamsikia mlangoni. Amevaa ndala, shati la nyumbani, tai hana.

"Bado unaosha?" akasema. "Hebu twende, tutakuta wamejaza mbele."

Wamejaza kweli. Alipenya, akiomba radhi kwa huyu na huyu, akaketi chini mstari wa kwanza. Ng'washi alimwona, akapoteza maneno kidogo, akayaokota, akaendelea. Hakufika mbali. Mkono wa baba yake ulikuwa umeshanyooka juu, umenyooka kabisa, vidole vimekaza kama vya mtoto anayeogopa kurukwa.

"Ndiyo, baba," Ng'washi akasema.

"Hapana." Kashindye akatikisa kichwa, mkono haujashuka. "Baba yuko nyumbani. Hapa mimi nimekuja kusoma. Sema, ndiyo, wewe wa mbele."

Watu wakacheka. Ng'washi akajaribu kusema, akakohoa, akajaribu tena.

"Ndiyo," akasema, "wewe wa mbele."

Na mume wangu akashusha mkono, akauliza swali lake.